Usimvute: jinsi mtu anavyonasuliwa kwenye kichaka cha miiba

Ukitaka kumtambua mtu asiyeijua miiba, mtazame anavyomsaidia aliyenaswa. Atamshika mkono, atakaza miguu, atavuta. Anavuta kwa nia njema kabisa, na kadiri anavyovuta ndivyo anavyozidi kumfunga mwenzake. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na tangu hapo nimekuwa nikisoma na kuuliza habari za miiba kuliko inavyostahili kwa mtu ambaye si mkulima wala mwanasayansi. Kisa nitakisimulia, lakini kwanza tuitazame miiba yenyewe, maana bila kuielewa utadhani waliomtoa kijana yule walikuwa wanapoteza muda.

Mimea huipata miiba kwa njia mbalimbali. Mingine ni matawi yaliyofupika na kuchongoka, kama ya bogenvilia. Mingine ni jani au sehemu ya jani iliyogeuka, kama ya mpungate na ya migunga mingi. Ya mwaridi si tawi wala jani. Ni ngozi ya shina iliyochomoza, ndiyo maana ukiisukuma upande kwa kidole gumba hubanduka mizima. Mwaka 2024 watafiti walieleza katika jarida la Science kwamba miiba ya namna hii, kwenye mimea ya jamii ya biringani, kwenye waridi na kwenye mingine isiyo na undugu wa karibu, hutokana na jeni za ukoo mmoja uitwao LOG. Ni ugunduzi mzuri, ila kwa aliyenaswa asili ya mwiba haimsaidii chochote. Kinachomhusu ni umeelekea wapi.

Mwiba ulionyooka unachoma, na unachoma vibaya, lakini ukirudi nyuma umekwisha kutoka. Mwiba uliopinda ni habari nyingine. Chukua kikwata. Miiba yake ni mifupi, huota miwilimiwili, na ncha zake zimepinda kuelekea kule tawi linakotokea. Mtu anayeingia, yaani anayetoka kwenye ncha za matawi kwenda mashinani, hupita juu ya mgongo wa kila mwiba na pengine asihisi zaidi ya mkwaruzo. Akigeuka kutoka, anakutana na ncha zote kwa pamoja. Iko migunga iliyobeba aina zote mbili kwenye tawi moja, mirefu myeupe iliyonyooka na mifupi ya kupinda, kana kwamba mmoja haukutosha.

Halafu kuna unepaji wa matawi. Kichaka kilichoshonana hakisimami kama ukuta. Kimelala tabaka juu ya tabaka, na kila tawi hunepa likisukumwa, kisha hurejea mahali pake. Aina fulani za mimea ya mwituni ya jamii ya blackberry hufanya zaidi ya hapo: tawi hupinda likagusa udongo, ncha yake ikaota mizizi, likawa upinde ulioshikwa ardhini pande zote mbili. Mwili unaoanguka kutoka juu huyafungua matabaka hayo kwa uzito wake, na ukishapita yanajifunga. Anayejua dema la kuvulia samaki atanielewa mara moja: mlango upo, tena mpana, lakini fito zake zimeelekea ndani.

Haya yote hayakutengenezwa kwa ajili yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu miti ya Afrika unaonyesha kwamba miti yenye miiba ilianza kuongezeka kwa wingi miaka milioni 15 hivi iliyopita, wakati ambapo wanyama wa jamii ya swala na nyati nao walikuwa wakienea barani. Mwiba haumuui swala. Unamchelewesha tu, unamfanya ale kwa vijidomo vidogovidogo badala ya kukumba tawi zima, na kwa mmea kucheleweshwa huko kunatosha. Kwa kondoo mwenye sufu ndefu mambo huwa mabaya zaidi. Kuna mmea wa milimani nchini Chile, Puya chilensis, ambao umepata sifa ya kula kondoo kwa sababu sufu hunasa kwenye ndoana za majani yake, mnyama akafa palepale na kuoza shinani. Mmoja ulipochanua mwaka 2013 kwenye bustani ya Wisley, Uingereza, baada ya kutunzwa miaka 15, magazeti yalishangilia mno habari ya kula kondoo. Kwamba mmea unanasa kwa makusudi ili ujipatie mbolea ni dhana tu. Kwamba kondoo hunasa vichakani akashindwa kutoka, mfugaji yeyote atakuambia.

Na binadamu je? Waingereza walipotawala India waliotesha ua wa miiba wa mamia ya kilomita, wa mikunazi, migunga na mipungate, ili kuzuia magendo ya chumvi. Sehemu zilizostawi vizuri zilikuwa ndefu kumpita mtu mrefu na nene kiasi kwamba hapiti. Waliuacha mwaka 1879. Naukumbuka ua ule kila ninapomsikia mtu akisema kichaka ni kichaka tu, jikaze upite.

Sasa kisa.

Kijana mmoja alikuwa akiteremka kwa baiskeli. Penye kona breki zikamgomea, akatoka njiani, akaruka ukingo na kutumbukia kwenye korongo lililojaa vichaka. Tuliokuwa karibu tulisikia mvunjiko wa matawi, kisha ukelele. Tulipofika ukingoni tuliiona baiskeli imekwama juu juu, mwenyewe hayupo. Sauti yake ilitoka chini ya majani, hatua chache kutoka tulipokuwa tumesimama, na hakuna hata mmoja aliyeweza kunyoosha kidole akasema yuko pale. Majani mengi hutawanya sauti. Unasikia mtu analia, hujui analilia wapi.

Mmoja wetu akapiga simu ya dharura. Wengine, kama ilivyo ada panapokusanyika watu, wakaanza kutoa amri. Kamba ilipatikana upesi, na mpango ulikuwa mwepesi: tumtupie, ajifunge, tumvute. Kamba ikamfikia, akaipitisha kwapani, wenye nguvu wakaanza. Ukelele uliotoka huko chini sitausahau. Waliovuta walihisi uzito mikononi wakadhani ni uzito wa mtu. Ulikuwa uzito wa kichaka.

Aliyewasimamisha ni mzee mmoja ambaye kazi yake ni kupunguza nyua za miti majumbani mwa watu. Hakupiga kelele. Aliishika tu kamba akailegeza, akasema, "Mnamchana." Kisha akalala kifudifudi ukingoni.

"Kijana, unanisikia?"

"Nakusikia, mzee."

"Usivute. Hata mkono usiuvute. Fumba macho, ukae hivyo hivyo. Shingo inauma?"

"Shingo haiumi. Goti, mzee. Goti ndilo."

"Vidole vya miguu vinacheza?"

"Vinacheza."

"Basi tulia. Hatuji kukuvuta. Tunakuja kukukatia."

Sijui kama kuna maneno mengine ambayo yangefanya kazi kubwa kuliko yale. Aliyenaswa anapotapatapa kila mjongeo wake huongeza miiba mipya, na hutapatapa kwa sababu hajui kinachoendelea. Mzee alimpa kazi ya kufanya: kukaa kimya na kufumba macho. Na swali la shingo halikuwa la adabu. Mtu aliyeanguka kutoka juu huenda ameumia uti wa mgongo, na hapo kumgeuza ovyo ili kumwepusha na mchubuko kunaweza kumpooza.

Kulikuwa na bwana mmoja pembeni aliyekuwa akirudia kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, eti vijana na mwendo wao. Methali hiyo ni tamu ukiwa umekaa kivulini. Aliombwa akalete ngazi, akaenda, na kwa haki yake alirudi nayo mbio.

Kabla ya ngazi lilikuja panga, na mzee akalikataa. Baadaye nilielewa kwa nini. Tawi linalonepa halikatiki kwa panga. Panga hudunda, na ndani kuna mtu ambaye mrushaji hamwoni. Hata msumeno wa mashine haufai kwenye vitawi vingi vyembamba: mnyororo huvidaka ukavirusha, ncha ya msumeno yenyewe huweza kuruka ikamrudia anayeushika, na mlio wake unakunyima kumsikia unayemwokoa. Vinavyofaa ni vitu vya kuchosha: mkasi wa bustani wenye mikono mirefu, msumeno wa mkono, glovu nene za ngozi, turubai.

Njia hawakuitafuta juu. Walizunguka wakashuka chini ya korongo, wakaingilia ubavuni. Nilishangaa jinsi kichaka kilivyokuwa wazi upande wa chini. Juu ni zulia la majani, lakini kwa kuwa jua halifiki ndani, vitawi vya chini hukauka na kupukutika, yakabaki mashina na vijinjia vya wanyama wadogo. Mzee alitambaa na mkasi, akakata kila shina karibu na ardhi. Nyuma yake alikuwepo mtu mmoja wa kupokea tawi na kuliburuta nje. Tawi lilivutwa kuelekea nje tu, kamwe si kuelekea kwa kijana. Na tawi lililojikunja halikukatwa kabla hajapatikana mtu wa kulishika, kwa sababu tawi lililobanwa likiachiwa ghafla hucharaza kwa miiba yake yote.

Ngazi ilikuwa kwa ajili ya uso. Mzee alitaka mtu amfikie kijana kutoka juu amkinge macho kabla matawi hayajaanza kutikisika. Ngazi ikalazwa juu ya kichaka, si juu ya kijana bali kando yake, mwisho mmoja ukiegemea ukingo na mwingine ukikaa kwenye jiwe, ili uzito wake usimkandamize. Juu yake likatandazwa zulia kuukuu. Ni mbinu ambayo vikosi vya uokoaji huitumia pia kwenye tope na kwenye barafu nyembamba: uzito ukitandazwa, ardhi isiyobeba mguu inabeba tumbo. Akachaguliwa dada mwembamba kuliko sisi sote, akajilaza, akasogea polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, hadi mkono wake ukafika kwenye nywele za kijana. Miwani ya kinga ikashuka kwanza, kisha helmeti.

Mimi nilikuwa nimeishika miguu ya yule dada, kwa hiyo niliona alichokuwa akikifanya kwa ukaribu usiopendeza. Kitawi kilikuwa kimepita nyuma ya sikio la kijana, na mwiba mmoja umezama kwenye ndewe. Kila kichaka kilipotikisika, ndewe ilivutika. Dada alikishika kitawi kwa vidole viwili kisicheze, akakikata upande wa kulia, akakikata upande wa kushoto, kikabaki kipande cha urefu wa kidole kinachoning'inia sikioni kama hereni. Kisha akakipeleka kule ncha ilikoingilia, kidogo tu, akakiinua. Kikatoka na tone moja la damu. Wahenga wanasema mwiba hutokea ulikoingilia, na hapo haikuwa fumbo hata kidogo. Ilikuwa maelekezo ya kazi.

Hivyo ndivyo saa zilivyokwenda. Kata, shika, pokea, buruta. Kijana aliulizwa jina lake, akaulizwa kazi yake, akaulizwa timu anayoshabikia, akajibu zote, na alipochelewa kujibu mzee alimwita kwa nguvu zaidi. Kumzungumzisha ndio upimaji uliopatikana pale. Mtu anayeanza kujibu ovyo huenda ameumia kichwa au anapoteza damu mahali usipopaona.

Walipomfikia ndani ilibainika kwamba miiba mingi haikuwa mwilini mwake. Ilikuwa kwenye koti, begi na suruali. Dada akapasua koti mgongoni kutoka ukosi hadi pindo kwa mkasi wa kawaida, mzee akakata mikanda ya begi, na ghafla kijana akawa na mikono. Koti lilibaki limeshikwa kila upande, limesimama wazi kama limevaliwa. Suruali nayo ikachanwa, akafunikwa shuka. Naona watu wengi huona haya hapo, wakajaribu kuokoa nguo pamoja na mtu. Nguo iache.

Mwiba wa goti ndio ambao hakuna aliyeugusa. Ulikuwa umeingia pembeni ya kilegesambwa, mnene, hauonekani mwisho wake. Mzee alikata tawi pande zote, akaacha kishina kifupi kikichungulia, dada akakizungushia kitambaa kisisukumwe. Mwiba uliozama karibu na kiungo, shingoni, kifuani au jichoni hauchomolewi porini. Huenda ndio unaoziba mshipa, na ukikatikia ndani umemwachia daktari kazi mara mbili. Wa jichoni hufunikwa kwa kitu kigumu chenye uwazi, kama kikombe, bila kugandamiza.

Waokoaji wenye sare walipofika na machela walikuta handaki limekaribia kukamilika. Kiongozi wao alichungulia, akauliza ni nani aliyekata, kisha akaingia kupitia humohumo badala ya kuanza upya. Kijana akafungwa shingo isicheze, kwa tahadhari, akalazwa kwenye machela, akatelezeshwa nje juu ya turubai.

Baada ya siku ile wengi waliniuliza: ungekuwa peke yako? Jibu lake si la kishujaa. Simama kwanza. Usigeuke, kwa sababu kugeuka ni kukusanya matawi upande uliokuwa huru. Linda macho, fungua mkono mmoja kwa kuusogeza kidogo ndani zaidi kabla ya kuuinua, halafu uutumie mkono huo kuufungua wa pili. Toka ndani ya koti na uliache, au uligeuze ngao. Rudi kinyumenyume kwa njia ile ile uliyojia. Ikiwa umeanguka kutoka juu au huwezi kurudi, basi nguvu zako ziweke kwenye kupatikana. Filimbi hufika mbali kuliko koo na haipasuki sauti. Ishara ya dharura inayotumika milimani Ulaya ni milio sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha unaanza tena. Marekani huzoea mitatu. Simu ikiwa mkononi, 112 imo katika mfumo wenyewe wa simu za mkononi (GSM), na inaweza kupitia mtandao wowote ulio karibu hata kama si wako. Usitegemee kwamba watakuona kwa kamera za joto kutoka angani. Kamera hizo husoma joto la kitu cha juu, na kilicho juu yako ni majani.

Kuwasha moto ili uonekane, ukiwa ndani ya kichaka, hilo hata sitalieleza.

Hospitalini ndiko nilikojifunza kwamba kutoka kichakani ni nusu ya safari. Jambo la kwanza waliloulizia ni chanjo ya pepopunda. Vijidudu vyake hukaa udongoni, mwiba huvipeleka ndani kwenye tundu jembamba lisilopata hewa, na hapo ndipo vinapopenda. Dalili kwa kawaida hutokea kati ya siku 3 na 21. Kwa kidonda kichafu, aliyemaliza chanjo zake huongezewa nyingine kama ya mwisho imepita miaka 5. Wakatutazama na sisi, mikono imechanikachanika kama tuliopigana na paka, wakauliza: na nyinyi je? Hakuna aliyekuwa amefikiria. Tukapanga foleni.

Kuna na ugonjwa wa kuvu unaoingia kwa mchomo wa mwiba au kijiti. Benjamin Schenck aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1898, na kuvu wake hubeba jina lake, Sporothrix schenckii. Wiki kadhaa baada ya mchomo uliokwisha kusahaulika, kipele kisichopona hutokea, kisha vingine hujipanga mstari kupanda mkono. Kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, miaka ya 1940, wachimbaji karibu 3,000 waliupata kutokana na mbao za kushikilia mahandaki. Dawa ipo na inatibu, mradi umwambie daktari kwamba ulichomwa, jambo ambalo wiki ya sita hakuna anayelikumbuka.

Kijana hakupata pepopunda wala kuvu. Alichokipata ni goti. Mwiba ulitolewa siku ileile, kidonda kikafunga, akarudi kazini akitembea vizuri. Miezi ikapita, goti likaanza kuvimba asubuhi, likipoa jioni, likivimba tena. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, kwa kuwa kipande cha mti hakionekani kwa urahisi kwenye eksirei. Akapewa dawa za maumivu. Akarudi. Safari hii daktari mwingine alimwuliza kama aliwahi kuchomwa, naye akacheka kabla ya kujibu. Ultrasaundi ikakiona: kijipande kidogo, ncha ya ule mwiba, kimelala ndani ya utando wa kiungo, na utando wote umewaka kukipinga. Antibayotiki peke yake isingetosha maadamu kipande kimo ndani. Wakafungua, wakakitoa, wakaosha kiungo, na goti likatulia.

Aliniambia daktari alimpa kile kipande ndani ya kichupa. Mama yake amekitupa.